UZI: Kitako cha mti cha bunduki ya zamani ya marisau, utajuaje kama ndicho ilichotoka nacho kwa mtengenezaji?

Mleta mada, Arusha

Ndugu zangu, bunduki ninayoizungumzia ni ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, kipimo cha 12, iliyotengenezwa Birmingham, Uingereza. Marehemu baba yangu aliinunua kihalali kwa mkulima wa ngano wa West Kilimanjaro aliyekuwa anauza mali zake ili arudi kwao. Mirathi ilipokamilika na umiliki kuhamishiwa kwangu, alikuja mtu mmoja anayependa silaha za kale, akaitazama kwa dakika mbili, kisha akatamka kwamba kitako si chake. Alitoa sababu mbili: kwamba upande wa kushoto ni mweusi ilhali wa kulia una rangi ya asali, na kwamba hakuna namba yoyote iliyopigwa juu ya mti.

Maneno yale yalinikaa rohoni. Ninashika randa na patasi kwa zaidi ya miaka 30, na ninajua kwamba uso wa nje wa mti ndio unaobadilishwa kwa urahisi kuliko sehemu nyingine yoyote. Mtu yeyote mwenye msasa, chupa ya vanishi na mchana mmoja wa nafasi anaweza kuufanya uso wa mti useme atakalo. Kinachobaki na ukweli ni kule kusikofikiwa na msasa, yaani chini ya vyuma. Kwa hiyo nilimwendea fundi wa silaha mwenye leseni, tukahakikisha mitutu yote miwili ni mitupu, naye akaifungua mbele yangu. Nasisitiza neno leseni kwa sababu Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haitoi ruhusa kwa kila mwenye bisibisi kufungua silaha, na pia kwa sababu skrubu za bunduki hizi zina mfuo mwembamba sana ambao bisibisi ya kawaida huuharibu kwa mzunguko mmoja.

Kuhusu rangi, sina budi kukiri kwamba tofauti ile niliifanya mimi mwenyewe. Mwaka 1989, nikiwa kijana, baba aliniachia kazi ya kupaka kitako mafuta. Mimi nikaona ni heshima zaidi nikikisugua kwanza kwa msasa. Nilikuwa nimemaliza upande wa kulia wote aliporudi nyumbani, naye akanizuia kabla sijagusa wa kushoto. Hakunipiga wala hakunigombeza, ila alichukua bunduki mikononi mwangu na hakunipa tena kwa miaka kadhaa. Leo ninaelewa nilichomwondolea.

Upande wa kushoto, ambao msasa haukuufikia, ndio ulionifundisha somo la kwanza. Ukiweka ukucha juu ya chuma cha bodi, yaani kile kipande cha chuma kinachounganisha mitutu na kitako, na kuuvuta taratibu kuelekea kwenye mti, ukucha unapita bila kukwama na bila kushuka, kana kwamba chuma na mti ni kitu kimoja, na pale mpakani ukingo wa mti ungali mkali. Ukifanya vivyo hivyo upande wa kulia, ukucha unadondoka kutoka kwenye chuma kama unaoshuka ngazi ndogo, na ukingo wa mti umekuwa wa mviringo. Fundi wa Birmingham hakuuacha mti chini ya chuma. Aliuchonga ulingane na chuma au uzidi kidogo sana, kisha akamalizia vyote viwili kwa pamoja. Mti ulio chini ya chuma kwa kawaida umesuguliwa baadaye. Mti uliosimama juu ya chuma kupita kiasi, au wenye mwanya uliojazwa epoksi au unga wa mbao uliochanganywa na gundi, ndio wa kutilia shaka kwamba ulichongwa na mtu mwingine. Kumbe basi dosari ya bunduki yetu ilikuwa ushahidi wa kusuguliwa, na watu wengi huchanganya mambo haya mawili.

Fundi alipoondoa kinga ya triga, nilipata nilichokuwa ninakitafuta. Bunduki hizi za Kiingereza zenye shingo iliyonyooka huwa na kinga ya triga yenye mkia mrefu wa chuma, unaolala kwenye mfereji uliochongwa chini ya shingo ya kitako na kushikwa kwa skrubu za mbao. Chini ya mkia ule kulikuwa na utepe wa mti wenye upana usiozidi kidole changu kidogo, ambao haukuwa umeona jua, jasho wala msasa wangu. Rangi yake ilikuwa nyekundu ya damu ya mzee, iliyofifia kuelekea kahawia. Wekundu ule unatokana na mizizi ya alkaneti, ambayo mafundi wa Uingereza waliiloweka katika mafuta ya linsidi na kuyasugulia mti kwa kiganja siku baada ya siku. Niliifuatilia rangi ile kwa lenzi mpaka ukingoni mwa mfereji, nikaona inaendelea bila kukatika hadi upande wa kushoto, chini ya weusi wa jasho na mafuta ya miaka mingi, ilhali upande wa kulia inakatika ghafla pale msasa wangu ulipoanzia.

Tazameni pia kama mfereji wenyewe unalingana na mkia wa chuma. Mkia wetu unaingia kwa kubanwa kidogo, kingo zote zimeukumbatia, na matundu ya skrubu ni yaleyale bila vijiti vya kuziba matundu ya zamani. Kitako kilichotolewa kwenye bunduki nyingine na kulazimishwa hapa kingeonyesha matundu mawili mawili, moja limezibwa na jingine limetobolewa kando yake. Vilevile, mkia mrefu ulionyooka unasema kitako cha awali kilikuwa na shingo iliyonyooka. Ukiukuta umekunjwa kwa nyundo ili ufuate shingo iliyopinda kama ya bastola, huna haja ya lenzi.

Kichwa cha kitako, yaani uso unaogusana na bodi ya chuma, ndiyo sehemu nyingine ya kusomwa kwa utulivu. Bunduki yetu ni ya mfumo wa Anson na Deeley, ambao William Anson na John Deeley wa kampuni ya Westley Richards ya Birmingham waliusajili mwaka 1875, na ambao mitambo yake yote hukaa ndani ya bodi badala ya kuwa kwenye mabamba ya pembeni. Nguvu yote ya teke hupita kwenye uso ule mdogo wa mti. Mafuta ya mitambo nayo, bunduki inaposimamishwa miaka nenda rudi mitutu ikiwa juu, huteremka taratibu na kunywewa na mti. Kichwa cha kitako chetu ni cheusi na kimelainika kidogo kwa mafuta, na weusi ule unaingia ndani kwa kufuata nyuzi za mti, mrefu mahali fulani na mfupi kwingine. Weusi wa bandia huwa sawasawa kila mahali, kwa sababu umepakwa kwa kitambaa. Nimeona mtu akitumia oili chafu ya injini, na nimeona mwingine akitumia rangi ya viatu. Ukikwangua kwa ncha ya sindano mahali pasipoonekana, ukakuta mti mweupe chini ya ngozi ya rangi, basi umepata jibu.

Ndani ya mchongo kulikuwa na alama za patasi, fupi na safi, pamoja na mabaki ya masizi. Mafundi wa zamani walikipitisha chuma juu ya moshi wa taa, wakakibandika kwenye mti, kisha wakachonga palipoachwa alama nyeusi tu, wakarudia hivyo mara nyingi mpaka chuma kikakaa. Sitaki kumdanganya mtu kwamba masizi ni uthibitisho, kwa kuwa fundi hodari anayebadilisha kitako leo anaweza kutumia njia ileile. Yanathibitisha kwamba kazi ilifanywa na mkono wenye subira, basi. Alama za mashine, kingo za mviringo zilizoachwa na kekee, au epoksi iliyomwagwa ili chuma kipate pa kulala, hizo ndizo zinazosema mengi.

Kuhusu namba, yule bwana alikosea kudhani kwamba ukosefu wake ni hukumu. Kwenye bunduki za Kiingereza namba huchongwa kwenye vyuma, yaani bodi, mkia wa kinga ya triga, mitutu, na chuma cha kile kipande cha mti cha mbele kinachoshikwa chini ya mitutu. Kwenye mti penyewe wakati mwingine hukutwa herufi za jina la mchongaji, wakati mwingine namba kwa penseli, na mara nyingi hakuna chochote. Namba ikikutwa mtini na ikalingana na ya chuma, tushukuru. Isipokutwa, tuendelee na kazi ya kutazama. Nilichokifanya mimi ni kulinganisha namba ya mkia wa kinga na ile ya bodi na ya mitutu, kwa sababu kama mkia ungekuwa wa bunduki nyingine, ulinganifu wake na mfereji usingekuwa na maana niliyoipa.

Nakshi ya vimraba kwenye shingo inahitaji jicho la utaratibu zaidi, na hapa ndipo nilipotumia muda mwingi. Mistari ile hukatwa kwa mkono, ikikingamana kwa pembe, ili kiganja kisiteleze. Mtu anayetumia mkono wa kulia huisugua zaidi upande wa kulia na juu, pale kidole gumba kinapovuka. Kwa hiyo uchakavu wa nakshi lazima uzungumze lugha moja na uchakavu wa chuma kilicho jirani. Ukikuta maua yaliyochongwa kwenye chuma cha juu ya shingo yamefutika kwa kushikwa, lakini vimraba vya mti sentimita mbili nyuma yake vina ncha kali za kuchoma, basi ama mti ni mpya, ama nakshi imekatwa upya. Kuitofautisha hii na ile, tazama mpaka wa nakshi: anayekata upya huwa na shida ya kusimama pale aliposimama wa kwanza, na utaona mistari iliyovuka mpaka kwa nywele moja, au mfereji wenye sakafu mbili, ya chini safi na ya juu yenye uchafu wa zamani. Nakshi yetu upande wa kushoto imechakaa kwa hatua, upande wa kulia imepunguzwa kwa msasa mpaka vimraba vimebaki vivuli, na haijakatwa upya popote.

Mwisho wa kitako ndiko nilikokuta jambo ambalo sikulitarajia. Kutoka triga ya mbele hadi katikati ya mwisho wa kitako, bunduki nyingi za Kiingereza za watu wazima hupima inchi 14 hadi 14 na robo tatu hivi. Yetu, pamoja na mpira wake, inapima 13 na robo. Tulipoondoa mpira tukakuta mti umekatwa kwa msumeno, na meno ya msumeno yanaonekana wazi. Asili yake huenda ilikuwa na bamba la pembe, au mti mtupu uliochongwa vimraba mwishoni, kama walivyopenda wengi. Sasa hatuwezi kujua, maana kilichokatwa hakipo. Baba yangu alikuwa mtu mfupi, na ninaamini ni yeye aliyeagiza kikatwe ili kimfae. Hilo halikifanyi kuwa kitako kingine. Ni kitako cha asili kilichofupishwa na kusuguliwa upande mmoja, na hivyo ndivyo nitakavyokiandika katika kumbukumbu za familia.

Mchangiaji, Tabora

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma maelezo yako mara mbili. Mimi nina bunduki ya babu, ni Greener, ya mtengenezaji wa hukohuko Birmingham, ile yenye kitufe cha usalama ubavuni mwa kitako upande wa kushoto badala ya juu ya shingo. Kitako chake kinang'aa, kina rangi ya dhahabu iliyochanganyika na mistari ya kahawia, na kila anayekiona husema hajawahi kuona mti wa Ulaya mzuri namna hiyo. Kimekaa vizuri kwenye chuma, ukucha haukwami. Vipimo vyako vyote vya nje kinavipita. Hata hivyo, moyo wangu una wasiwasi kwa sababu rangi ile inanikumbusha vitanda vya nyumbani kwetu. Je, nianzie wapi?

Mleta mada, Arusha

Marahaba, mwanangu. Wasiwasi wako una msingi, na kwa mtu wa Tabora, uliyezaliwa kati ya mininga, jicho lako lina uzoefu ambao mkusanyaji wa London hana.

Vitako vingi vya bunduki hizi vilipasukia huku kwetu, na sababu zake zinaeleweka. Mti wa mjozi (walnut), ambao ndio wa vitako vya Kiingereza, ulikaushwa kwa hewa ya Uingereza, ukaja kwenye kiangazi cha bara, ukasinyaa, skrubu zikalegea, na kila teke likawa nyundo inayogonga kichwa cha kitako. Aidha, bunduki nyingi za kale za kipimo cha 12 zilitobolewa chemba, yaani mahali risasi inapokaa, ya inchi 2 na nusu, yaani milimita 65, halafu watu wakazitilia risasi za milimita 70 zenye shehena nzito kwa sababu ndizo zilizopatikana dukani. Mti ukapasuka nyuma ya bodi, na kwa kuwa Birmingham ni mbali, fundi wa karibu akachonga kitako kingine kwa mbao aliyokuwa nayo. Hapa kwetu, mbao nzuri kuliko zote kwa kazi hiyo ni mninga. Unachongeka bila ugomvi, hung'aa kwa mafuta matupu, na hausinyai wala kuvimba sana majira yanapobadilika, ndiyo maana kitako cha mninga kilichochongwa vizuri kinaweza kukaa miaka 50 kikiwa kimekumbatia chuma kuliko hata kile cha asili. Usitegemee ukucha peke yake.

Kwanza mpate fundi mwenye leseni akufungulie, kisha utafute mahali ambapo mti haujapakwa kitu, kama chini ya bamba la mwisho. Chukua lenzi inayokuza mara 10. Tazama uso wa mti ambao mistari ya ukuaji inaonekana kama milima iliyopangana, sio ule wenye mistari iliyonyooka. Kwenye mninga utaona vijimstari vifupi sana vya mlalo, vimejipanga safu kwa safu kama mawimbi madogo kwenye mchanga wa pwani maji yanapokupwa. Mawimbi hayo yako kwenye miti yote ya jamii ya Pterocarpus, na mjozi hauna. Kwenye uso uliokatwa kukingama nyuzi, mninga una vitundu vilivyozungukwa na tishu nyeupe inayoungana kuwa mikanda unayoweza kuiona hata kwa macho, ilhali vitundu vya mjozi vimesambaa kimojakimoja, vikubwa mwanzoni mwa msimu wa ukuaji na vidogo mwishoni, na mikanda yake ni myembamba mno.

Njia nyingine haihitaji lenzi. Chukua unyoya wa mbao usiozidi punje ya mchele kutoka ndani ya tundu la skrubu, uuloweke katika glasi ya maji safi usiku kucha, kisha uitazame glasi juani ukiwa umeweka kitambaa cheusi nyuma yake. Maji ya miti mingi ya jamii ya Pterocarpus hutoa mng'ao wa buluu.

Kuhusu Greener hasa, kile kitufe cha ubavuni ni rafiki yako. Mtambo wake umezama ndani ya mti, hivyo mchongaji alilazimika kuchimba mfuko mdogo kwa ajili yake. Muombe fundi akutolee, uutazame mfuko ule. Mchongaji wa kiwandani alichonga mingi kama huo, na mfuko wake una umbo la chuma chenyewe. Aliyechonga mmoja tu maishani mwake huchimba tundu kubwa kuliko haja, na kwa upole wote nasema hivyo, kwa sababu nami nimewahi kuchimba la namna hiyo.

Mchangiaji, Minneapolis

Ninaishi Marekani, na huku swali hili huulizwa kwa namna nyingine, kwa sababu bunduki nyingi za zamani zilitoka viwandani kwa maelfu na vitako vyake vilifuata mtindo wa miaka maalumu. Mfano ninaoujua ni Browning Auto-5, bunduki ya marisau inayojipakia yenyewe, iliyobuniwa na John Moses Browning na kutengenezwa na kiwanda cha FN huko Herstal, Ubelgiji, tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Shingo ya kitako chake iliyopinda ilikuwa na mwisho wa mviringo hadi mnamo mwaka 1967, kisha ikawa na mwisho bapa hadi mwaka 1976, uzalishaji ulipohamia kwa kampuni ya Miroku ya Japani, ambapo mviringo ulirudi. Kwa hiyo ukikuta namba ya chuma inasema miaka ya 1950 lakini shingo ina mwisho bapa, kitako kimetoka kwenye bunduki nyingine hata kama mti, vanishi na uchakavu vyote vinapendeza.

Aina ya mjozi nayo ina maneno yake. FN walitumia mjozi wa Ulaya. Vita vya Pili vya Dunia vilipousimamisha uzalishaji wa Ubelgiji, kampuni ya Remington ilizitengeneza kwa niaba ya Browning hapa Marekani kuanzia mwaka 1940, na hizo zilivikwa mjozi mweusi wa Kimarekani, ambao ni mweusi zaidi, wenye rangi moja, na nyuzi zilizo wazi zaidi. Napenda kuongeza kwamba kwenye bunduki za viwandani vanishi yenyewe ni ushahidi. Tochi ya mwanga wa urujuanimno inayouzwa kwa ajili ya kukagua noti hufanya shelaki, yaani aina ya vanishi ya zamani, ing'ae rangi ya chungwa, na sehemu iliyorudiwa kwa vanishi ya kisasa hujitenga kama kiraka. Njia hiyo, hata hivyo, haiwezi kumsaidia sana mleta mada, maana mti wake ulipakwa mafuta.

Mchangiaji, Birmingham

Nami ninaishi palepale bunduki ya mleta mada ilipozaliwa, na ninakubaliana na mengi aliyoyasema, ila naona ameziacha alama za majaribio ya mitutu, yaani chapa zinazopigwa mitutu ikishajaribiwa kwa kufyatuliwa shehena nzito, ambazo, japo hazizungumzii mti moja kwa moja, zinatueleza safari ya bunduki. Nyumba ya majaribio ya hapa ilianzishwa mwaka 1813 na ingali inafanya kazi. Mitutu hupigwa chapa chini, upande usioonekana bunduki inapofungwa. Kanuni zilibadilika mwaka 1904, tena 1925, tena 1954, na kila badiliko lilileta alama tofauti. Zile za kanuni za 1954, kwa mfano, zinataja shinikizo kwa tani, kama vile tani 3 kwa inchi ya mraba.

Faida yake kwa mada hii ni kwamba bunduki ya miaka ya 1920 yenye alama za 1954 juu yake ilirudi Uingereza, ikajaribiwa upya, na mara nyingi ilirudi kwa sababu ilikuwa inatengenezwa ili iuzwe tena. Huo ndio wakati ambao kitako kibovu kingebadilishwa na fundi mwenye ujuzi uleule wa awali, kwa masizi yaleyale na alkaneti ileile. Kitako cha namna hiyo kinaweza kuupita kila ukaguzi alioutaja mzee wetu. Hapo tiba ni daftari la kampuni. Westley Richards, na vilevile Holland & Holland wa London, wanazo kumbukumbu zinazofuata namba ya bunduki. Kwa upande mwingine, bunduki nyingi za Birmingham ziliuzwa kwa jina la mwenye duka, wala si la aliyezitengeneza, na hizo daftari lake ni gumu kupatikana. Naomba mleta mada atuambie alama zake.

Mleta mada, Arusha

Nakushukuru sana, ndugu yangu, na umenisahihisha mahali pa haki. Alama zilizo chini ya mitutu yetu ni za kanuni za 1925 peke yake, pamoja na maandishi ya chemba ya inchi 2 na nusu, wala hakuna zilizopigwa juu yake baadaye. Jina lililoandikwa kwenye bodi ni la muuza duka, kwa hiyo sina daftari la kurejea. Nakubali kwamba hitimisho langu limesimama juu ya mti na chuma tu.

Lipo jambo jingine ambalo nilikuwa nimelisahau. Kitako chetu kimepinda kidogo kuelekea kulia, kama inavyotakiwa kwa mtu wa mkono wa kulia, lakini upinde ule umezidi kawaida, na kwenye shingo kuna eneo lililo jeusi pande zote mbili kama lililochemshwa. Wapo watakaosema ni dalili ya ukarabati wa mpasuko. Mimi nadhani kilipindwa kwa mafuta ya linsidi ya moto, njia ambayo mafundi wa bunduki hutumia kumrekebishia mteja kitako bila kukibadilisha. Nimetafuta mpasuko kwa lenzi na kwa kugonga kwa ukucha nikisikiliza, na sauti yake ni nzima kutoka kichwani hadi mwisho.

Mchangiaji, Tabora

Mzee wangu, nimerudi. Fundi alifungua juzi mbele yangu. Chini ya bamba la mwisho kulikuwa na mti mkavu usiopakwa kitu, na kwa lenzi niliyaona mawimbi yale uliyoyataja, safu juu ya safu, yamejipanga kuliko nilivyotarajia. Unyoya niliouloweka ulitoa maji ya manjano kidogo kwa macho, lakini juani, juu ya kitambaa cheusi, pembeni mwa glasi palikuwa na buluu. Mfuko wa kitufe cha usalama ni mkubwa kuliko chuma chake, na umejazwa vipande viwili vya mti vilivyobandikwa kwa gundi ili chuma kisicheze. Ni mninga.

Mama yangu mkubwa alipoyasikia haya alikumbuka kwamba babu aliwahi kuanguka na bunduki ile mtoni, na kwamba seremala wa misheni alikaa nayo msimu mzima wa mvua. Ndani ya tundu la mwisho wa kitako, fundi alikuta karatasi iliyokunjwa mara nne kama kikazio cha skrubu. Nimeirudisha mahali pake. Wanunuzi wawili walikuwa wananisubiri, nami nimewaandikia kwamba kitako si cha Birmingham, ni cha mninga, kilichongwa Tabora. Mmoja amejitoa. Wa pili ameomba nimpigie picha ya yale mawimbi.